Florence Nightingale: Nesi Aliyekubali Hesabu Imuumbue

Kila Mei 12 wauguzi duniani husherehekea siku yao, na picha inayozunguka mitandaoni ni ileile: mwanamke ameshika taa. Florence Nightingale alizaliwa siku hiyo, mwaka wa 1820. Stori ya taa na vita vya Crimea tuliipata shuleni. Lakini kuna nyingine ambayo wengi wetu hatukuambiwa, nayo inahusu akina mama wanaojifungua.

Florence alitoka familia tajiri Uingereza, na nyumbani hawakutaka kusikia mambo ya unesi. Akakaza kamba. Tena hakuwa na huruma tu; alipenda hesabu kupindukia. Ndiye aliyeonyesha kwa takwimu kwamba Crimea magonjwa yaliua wanajeshi wengi kuliko vita vyenyewe.

Miaka ya 1860, hazina yenye jina lake ilisaidia kuanzisha wodi ndogo ya kufunza wakunga katika King's College Hospital, London. Nia ilikuwa safi kabisa. Kisha akina mama wakaanza kufa kwa homa ya uzazi. Waliingia wazima, wakatoka maiti. Mwaka wa 1867 wodi ikafungwa.

Mwingine angenyamaza yaishe. Yeye aliitisha rekodi za wodi za uzazi na za waliozalia nyumbani, Uingereza na ng'ambo, akazilinganisha. Mwaka wa 1871 akachapisha kitabu, na jibu lilichoma: zama hizo, mama aliyezalia nyumbani, hata awe maskini, kwa jumla alikuwa salama kuliko aliyelazwa. Kwenye wodi, akina mama walirundikwa pamoja, tena wakashikwa na wanafunzi wa udaktari waliotoka kupasua maiti. Florence alitaka vyumba vidogo, safi, mbali na wagonjwa wengine, na wakunga waliosomea kazi.

Sasa tusipotoshane. Leo hesabu imegeuka, na hospitali yenye mkunga aliyehitimu huokoa maisha. Usimwambie dada yako akae nyumbani. Lakini swali la Florence bado liko pale pale: hili tunalomfanyia mama mwenye uchungu, kumpima kila saa, kumwongezea dawa, kumpasua, linamsaidia kweli ama ni mazoea tu? Nesi anayemuuliza daktari hivyo si mkaidi. Anafanya kazi yake.

Florence alifariki mwaka wa 1910, akiwa na miaka 90. Taa tunaikumbuka. Daftari lake la hesabu ndilo tumelisahau.