Mtakatifu Isaac Jogues alivyorudi kwao

Alfajiri ya tarehe 5 Januari 1644, siku moja kabla ya sikukuu ya Epifania, mtu mmoja alibisha mlangoni pa nyumba ya Mapadri Wayezuiti katika mji wa Rennes, nchi ya Ufaransa. Nguo zake zilikuwa za kimaskini mno. Bawabu akamwuliza haja yake. Mgeni akajibu kwamba ametoka Kanada, naye ana habari za kumpasha Padri mkuu. Wakati huo Padri mkuu alikuwa akijitayarisha kwa Misa. Lakini aliposikia kwamba maskini mmoja ametoka nchi ya mbali namna ile, alidhani labda ana shida kubwa, akaacha mavazi ya Misa akamwendea. Akamwuliza habari za Kanada na za Mapadri walioko huko. Mwisho akamwuliza kama anamfahamu Padri Isaac Jogues, ambaye ilisemekana alitekwa na Wamohawk, wala haikujulikana kama yu hai au amekwisha kuuawa. Mgeni akajibu kwamba anamjua vema, tena yu hai, na kwamba Padri huyo ndiye yeye mwenyewe. Papo hapo akapiga magoti kuomba baraka ya mkubwa wake.

Padri Isaac alizaliwa mwaka 1607 mjini Orléans, katika jamaa ya watu wenye heshima. Mwaka 1624 aliingia Shirika la Yezu, na mwaka 1636 alipata upadri. Mwaka uleule alimwacha mama yake, akapanda merikebu kwenda Kanada, akakaa kati ya Wahuroni miaka 6. Wao walimpa jina la Ondessonk.

Mwezi wa Agosti 1642 alikuwa akirudi kwao kwa mitumbwi, pamoja na Wahuroni Wakristu na wakatekumeni, wakipeleka vyombo vya misioni. Wamohawk, adui za Wahuroni, wakawavamia mtoni. Padri aliweza kujificha katika matete, wala hakuna aliyemwona. Lakini aliwaona wenzake wakifungwa kamba, na kati yao walikuwamo wasiobatizwa bado. Akatoka mwenyewe, akajitia mikononi mwa adui ili asiwaache watu wake. Mkatekumeni asomaye habari hii afikiri neno hilo: Padri yule alijitoa atekwe kwa ajili ya watu kama yeye.

Mateso waliyopata njiani na vijijini hayasemeki yote. Waling'oa kucha zake, wakatafuna vidole vyake kwa meno, wakamkata kidole gumba cha mkono wa kushoto. Siku moja walimtupia bua la mahindi ale. Akaona matone ya maji juu ya majani yake, na kwa matone yale akawabatiza mateka wawili kabla hawajafa. Mwenzake René Goupil, aliyekuwa mganga wa vidonda, aliuawa kwa shoka tarehe 29 Septemba 1642, kwa sababu alimfanyia mtoto mdogo ishara ya msalaba. Padri Isaac akabaki mtumwa, akichukua mizigo na kukata kuni, huku akiwatafuta wagonjwa na watoto mahututi ili awabatize.

Waliomwokoa ni Waholanzi waliokaa karibu na nchi ile. Wao walikuwa Waprotestanti, lakini haki isemwe: walimtendea kama ndugu. Walipompa nafasi ya kutoroka kwa merikebu, hakukubali mara moja, aliomba usiku mmoja wa kusali. Alipoona kwamba Wamohawk wamekusudia kumwua, wala hawezi tena kuwasaidia mateka wengine, akakubali. Alisafiri mwezi wa Novemba 1643. Katika bandari moja ya Uingereza wezi walimnyang'anya kofia na koti. Siku ya Noeli akashuka pwani ya Ufaransa, akaingia katika nyumba ya wakulima kuuliza kanisa liko wapi. Wakampa kofia, naye akaenda kuungama, akasikiliza Misa, akapokea Komunyo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku aliyotekwa. Aliporudi kula nao waliona mikono yake, wakashangaa. Binti za nyumba ile wakamletea senti zao chache, mali yao yote.

Habari zake zikaenea upesi. Watu wakubwa walitaka kumwona, lakini yeye aliona haya kusifiwa. Malkia wa Ufaransa alipomwita, hakwenda upesi. Naye alipofika, malkia akaibusu mikono ile.

Lakini Padri alikuwa na huzuni moja kubwa. Sheria ya Kanisa ilimtaka padri ashike Ostia kwa vidole vilivyowekwa kwa kazi hiyo, na vidole vyake vilikuwa vimeharibika. Basi yeye aliyeokoka kifo hakuweza kusoma Misa nyumbani kwao. Wakamwomba Papa Urbano VIII ruhusa, naye Papa akaitoa bila kusita.

Akaenda Orléans kumwona mama yake. Mama alikuwa amemwaga kijana mwenye mikono mizima, sasa akapokea mikono yenye makovu. Kama angetaka kukaa karibu naye, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini hakukaa. Mwaka uleule wa 1644, baada ya miezi michache tu, alipanda merikebu tena kwenda Kanada.

Mwaka 1645 Wafaransa na Wamohawk walifanya amani, na mwaka 1646 Padri Isaac akatumwa kwao kama mjumbe. Wakampokea vema. Alipoondoka aliwaachia sanduku, akiisha kuwafungulia waone vitu vilivyomo, kwa maana alitaka kurudi. Lakini ugonjwa ukaingia kijijini na wadudu wakala mahindi shambani. Watu wakasema uchawi umo ndani ya sanduku. Wengine walitaka Padri aachwe hai, hawakusikilizwa. Jioni ya tarehe 18 Oktoba 1646 aliitwa kula chakula katika nyumba moja. Alipoinama mlangoni aingie, wakampiga shoka. Mwenzake Jean de La Lande aliuawa siku ya pili yake.

Papa Pio XI aliwataja kuwa watakatifu mwaka 1930, pamoja na René Goupil na mapadri wengine watano. Na katika kijiji kilekile cha Ossernenon, miaka 10 baada ya kifo cha Padri, baba Mmohawk alizaa binti, jina lake Kateri Tekakwitha. Alipokuwa msichana aliomba Ubatizo, na mwaka 2012 Kanisa lilimtaja kuwa mtakatifu.