Harry Ferguson: Fundi aliyeyapa matrekta nguvu ya kushika ardhi

JINA la Ferguson limeandikwa ubavuni mwa matrekta mengi mekundu yanayolima Afrika Mashariki, na si ajabu mtu kudhani Massey Ferguson alikuwa mtu mmoja. Ukweli ni kwamba hayo ni majina ya familia mbili. Ferguson mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima aliyeikimbia kazi ya shamba.

Harry Ferguson alizaliwa Novemba 4, 1884 katika kijiji cha Growell, karibu na Dromore, sehemu ambayo leo ni Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1902 alikwenda Belfast kufanya kazi katika gereji ya kaka yake, Joe. Huko alijulikana kwa sikio lake la kutambua ubovu wa injini na kwa kupenda mashindano ya pikipiki na magari. Desemba 31, 1909 alirusha ndege aliyoiunda mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege yenye injini nchini Ireland. Mwaka 1911 alifungua gereji yake.

Shamba lilimrudia mwaka 1917. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeleta upungufu wa chakula, na Serikali ikamtaka azungukie matrekta yaliyokuwapo Ireland ili kuyaongezea ufanisi. Alifuatana na fundi wake, Willie Sands.

Walikuta magonjwa mawili. Kwenye udongo mbichi magurudumu ya nyuma yalizunguka bila trekta kusogea, na dereva akiongeza mafuta alikuwa anachimba shimo tu. Watengenezaji walijibu kwa kuongeza uzito wa trekta, dawa inayogandamiza udongo na kula mafuta. Ugonjwa wa pili ulikuwa unaua. Jembe liliponasa kwenye mwamba au kisiki, injini iliendelea kusukuma, pua ya trekta ikanyanyuka, na trekta likapinduka kinyumenyume juu ya dereva.

Fundi mwingine angeifungua injini. Ferguson aliona kwamba injini haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa nyuma, mahali jembe lilipofungwa. Jembe lilikuwa linaburutwa kama lilivyokuwa likiburutwa na farasi. Yeye alitaka jembe na trekta viwe kitu kimoja.

Kazi hiyo ilimchukua miaka mingi, na hataza yake kuu ilitolewa mwaka 1926. Jembe lilishikwa kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu. Udongo unapokuwa mgumu, jembe husukuma mkono wa juu kuelekea kwenye trekta. Msukumo huo huibana springi, springi hufungua vali ya haidroliki, na jembe hunyanyuliwa kidogo. Hapo uzito wa jembe na wa udongo unaolikandamiza huhamia kwenye magurudumu ya nyuma, nayo hushika ardhi vizuri zaidi. Jembe likigonga mwamba, mkono uleule wa juu huizuia pua isinyanyuke, uzito ule huondoka nyuma, magurudumu huteleza, na dereva anabaki hai.

Kiuchumi hilo lilikuwa jambo kubwa. Trekta jepesi liliweza kufanya kazi ya trekta zito, kwa bei ambayo mkulima wa kawaida angeifikiria. Ferguson aliamini kwa dhati kwamba gharama za kulima zikishuka, bei ya chakula itashuka, na maisha ya kila mtu yatakuwa nafuu.

Katika biashara hakuwa mwangalifu kama alivyokuwa kwenye vyuma. Baada ya kushirikiana na David Brown kutoa trekta mwaka 1936, alikwenda Marekani mwaka 1938 na kukubaliana na Henry Ford kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi. Matrekta zaidi ya 300,000 yalitoka kwa makubaliano hayo. Lakini mjukuu wa Ford aliposhika kampuni aliyavunja, huku trekta jipya la Ford likiendelea kutumia mfumo uleule. Ferguson alifungua kesi mwaka 1948 akidai dola milioni 251. Mwaka 1952 alikubali milioni 9.25.

Wakati huo trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilikuwa linatengenezwa Coventry, Uingereza. Kati ya 1946 na 1956 yalitoka zaidi ya 500,000. Mwaka 1953 aliunganisha biashara yake na Massey-Harris ya Canada, na mwaka uliofuata akajitoa.

Fedha zake zikaenda kwenye magari. Swali lilikuwa lilelile la shambani: kwa nini nguvu ya injini ipotee kwenye gurudumu linaloteleza? Kampuni yake ya utafiti ilitengeneza mfumo wa kugawa nguvu hiyo kwa magurudumu yote manne, na ikaunda gari la mashindano lililoitwa P99.

Ferguson alifariki Oktoba 25, 1960, kabla gari hilo halijashindana. Septemba 1961, kwenye barabara yenye unyevu ya Oulton Park, Stirling Moss aliliendesha akashinda Gold Cup. Hadi leo halijatokea gari jingine la Formula One la kuendeshwa kwa magurudumu manne lililoshinda. Mwaka 1966 mfumo huo uliingia kwenye gari la kifahari la Jensen FF, pamoja na breki zinazozuia magurudumu kujifunga. Lilikuwa ghali mno. Yalitengenezwa 320 tu.