Jock Leslie-Melville: Aliyewaleta Nairobi twiga wa Soy

Wengi wa watoto wa shule wanaofika Kituo cha Twiga mtaani Lang'ata, chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji la Nairobi, hawalijui jina la Jock Leslie-Melville. Alifariki mwaka 1984, kabla kituo hicho hakijatimiza miaka miwili tangu kianze kupokea umma.

Alikuwa raia wa Kenya mwenye asili ya Uingereza, mzawa wa ukoo wa makabaila wa Uskoti. Hakuwa mwanasayansi. Yeye na mkewe Betty, Mmarekani wa Baltimore, waliendesha safari za watalii, wakaandika vitabu na kuzuru Marekani wakitoa mihadhara.

Katikati ya miaka ya 1970 ndipo walipopata habari za twiga wa Rothschild, ambaye leo wataalamu wengi humhesabu kuwa mmoja na twiga wa Nubia. Ni rahisi kumtambua, kwani miguu yake haina madoa kuanzia magotini kwenda chini, mithili ya aliyevaa soksi nyeupe. Huku magharibi mwa Kenya alikuwa amepoteza makao yake karibu yote. Twiga wapatao 130 walikuwa wamesalia katika shamba moja la ekari 18,000 huko Soy, karibu na Eldoret, nalo lilikuwa likigawanywa ili maskwota wapate makao.

Kesi hiyo haikuwa nyepesi. Waliosubiri ardhi hawakuwa majangili bali watu wenye haki yao, na twiga anayeishi kwa majani ya migunga hana pa kusimama katika shamba la mahindi. Hivyo ilibidi ahamishwe. Lakini twiga mzima hasafirishiki kirahisi. Shingo yake haipiti chini ya nyaya za barabarani, na mshtuko wa kukamatwa pekee waweza kumuua.

Mwaka 1974 Leslie-Melville na mkewe walimchukua ndama wa kike, wakamsafirisha zaidi ya kilomita 300 hadi nyumbani kwao Lang'ata, katika jumba la mawe lililojengwa mwaka 1932. Walimwita Daisy, wakamlea kwa maziwa ya chupa. Baadaye akaletwa Marlon, ndama wa kiume. Kisa cha Daisy kiliandikwa kitabu, na mwaka 1979 kikaonyeshwa Marekani katika filamu ya televisheni.

Umaarufu huo ulikuwa na faida yake, ingawa ndama wawili bustanini, hata wapendwe vipi, hawaokoi jamii nzima ya wanyama. Mwaka huo wa 1979 wawili hao walianzisha hazina ya kuwatetea wanyamapori walio hatarini, na makundi mengine ya twiga wa Soy yakahamishiwa maeneo salama, likiwemo Ziwa Nakuru. Mwaka 1983 kituo cha Lang'ata kikafunguliwa, elimu kwa watoto wa Kenya ikiwa mojawapo ya shabaha zake kuu.

Betty alifariki mwaka 2005. Kazi ya kuwahamisha haikukoma. Mwaka 2011 twiga wa aina hiyo walirejeshwa Baringo, katika rasi ya Longicharo. Maji ya ziwa yalipopanda, rasi ikageuka kisiwa, na kufikia Aprili 2021 twiga tisa walikuwa wamevushwa hadi nchi kavu, mmoja baada ya mwingine, kwa chelezo cha chuma.