Theodor Bilharz: Daktari kijana aliyefichua siri ya mkojo wa damu

Kama umekulia karibu na bwawa au majaruba ya mpunga, kichocho unakijua. Mtoto anakojoa damu, wenzake wanacheka, mwingine anasema eti ndiyo amekua. Mnyoo unaoleta hayo uligunduliwa na daktari wa Kijerumani aliyekuwa na miaka 26 tu.

Theodor Bilharz alizaliwa Machi 23, 1825, katika mji wa Sigmaringen. Alisomea udaktari Freiburg, kisha Tübingen. Mwaka 1850 mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, aliitwa Misri kusimamia huduma za afya, naye akamchukua kijana wake. Wakaanza kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo.

Huko kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida mno, na la tangu enzi za Mafarao. Mwaka 1910 mtafiti Marc Armand Ruffer alikuta mayai ya mnyoo huu kwenye figo za maiti mbili zilizohifadhiwa kwa miaka 3,000 hivi.

Bilharz alikuwa anapasua maiti. Si kazi ya kujisifia kwa wakwe, lakini ndiyo iliyompa jibu. Mwaka 1851, ndani ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, alikuta minyoo myeupe, myembamba. Kwenye hadubini akaona kioja: dume ana mfereji mwilini, na ndani yake amelala jike, mwembamba kama uzi. Wanaishi hivyo hivyo, wamekumbatiana, kwa miaka.

Sasa mnyoo ulio karibu na ini unahusianaje na damu kwenye mkojo? Mwaka uliofuata alipata mayai yake kwenye ukuta wa kibofu, kila yai na mwiba mwishoni. Mayai hayo ndiyo yanayochana na kutia makovu. Griesinger naye akahesabu: katika maiti 363 zilizopasuliwa, 117 zilikuwa na ugonjwa huo. Karibu moja kati ya tatu!

Kitu kimoja Bilharz hakukijua hadi anakufa: mnyoo unaingiaje mwilini? Hilo lilijibiwa Misri mwaka 1915 na Mwingereza Robert Leiper. Mayai yanatoka na mkojo, yanaanguliwa majini, vijidudu vinakua ndani ya konokono, kisha vinatoka na kupenya ngozi ya mtu. Hata maji usipoyanywa, ukiingiza miguu tu inatosha.

Na hapa ndipo wanawake wanapoumia kimyakimya. Mayai hayaishii kwenye kibofu. Yanakwama pia kwenye uke, mlango wa kizazi na mirija ya uzazi. Dalili zake ni uchafu ukeni, maumivu, kutoka damu baada ya tendo la ndoa, wakati mwingine ugumba. Kwa wanaume, damu inaweza kuonekana kwenye shahawa. Kichocho cha muda mrefu pia kinaweza kusababisha saratani ya kibofu.

Dalili hizo zinafanana mno na za magonjwa ya zinaa. Basi dada anafika zahanati, anapewa dawa za zinaa, haponi, na nyumbani anaanza kuulizwa alikuwa na nani. Kumbe alikuwa anafua, anachota maji au anapanda mpunga. Ndiyo maana kwetu, kuanzia vijiji vya Kanda ya Ziwa hadi Pemba, swali la kwanza kwa mgonjwa wa namna hii lingepaswa kuwa anatumia maji gani.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na inaua minyoo. Makovu yaliyokwisha kujengeka ni habari nyingine, kwa hiyo kuwahi ni muhimu.

Griesinger alirudi Ulaya mwaka 1852. Bilharz akabaki, akawa profesa wa anatomia, akaandika hadi kitabu kuhusu samaki wa Nile anayepiga shoti ya umeme. Mwaka 1862 alimsindikiza mtawala mmoja wa Kijerumani hadi Massawa, pwani ya Bahari ya Shamu. Aliugua homa, akafariki Mei 9, akiwa na miaka 37. Alizikwa Cairo. Ng'ambo ya mto, Giza, kuna taasisi ya utafiti yenye jina lake, na ugonjwa wenyewe madaktari wengi bado wanauita bilhazia.