Ajayi, Mtoto wa Mfuma Nguo: Habari za Askofu Samuel Crowther

Wengi wetu tulilisikia jina la Samuel Ajayi Crowther katika mafundisho ya kipaimara: kwamba ndiye Mwafrika wa kwanza kuwekwa kuwa askofu katika Kanisa la Anglikana. Tukaandika tarehe, tukajibu swali, basi. Sisi tulioshika chaki miaka mingi tumeona yafaa tusimulie jambo ambalo madaftari yetu hayakuwa nalo, yaani jinsi alivyolelewa. Mtoto huyu alikuzwa na kazi za mikono na herufi kwa pamoja, wala hakuna lililomfanya alidharau jingine.

Alizaliwa kadiri ya mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Wayoruba humwita Ajayi mtoto aliyezaliwa kifudifudi. Baba yake alikuwa mfuma nguo, na kwa watu wale ufumaji wa wanaume ni kazi ya kuheshimiwa. Nguo hufumwa kwa mikanda myembamba, kisha mikanda ile hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka ipatikane nguo nzima ya kujitanda. Uzi mmoja ukikosewa, kosa huonekana siku zote nguo ile itakapovaliwa. Mtoto wa nyumba kama ile hajui A wala B, lakini amekwisha kujifunza kuhesabu, kungoja, na kufumua alichokosea ili aanze upya. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza atakwambia kwamba mtoto wa namna hiyo akipewa kitabu, kazi ni nusu.

Kitabu kilikuwa bado mbali. Mwaka 1821, Ajayi akiwa kijana wa miaka kumi na miwili hivi, wavamizi waliuzunguka mji wa Osogun wakauchoma moto. Baba yake hakumwona tena. Yeye, mama yake Afala na dada zake walifungwa kamba wakaswagwa, na muda si mrefu akatengwa na mama yake. Aliuzwa mara nyingi. Safari moja bei yake ilikuwa farasi, safari nyingine tumbaku na pombe. Kwa hofu ya kuuzwa kwa Wazungu alijaribu kujinyonga usiku, asiweze. Mwisho akauzwa kwa Wareno huko Lagos, akatiwa merikebuni pamoja na wenzake. Mwezi wa Aprili 1822 manowari ya Kiingereza iitwayo Myrmidon, chini ya Kapteni Henry Leeke, iliikamata merikebu ile, na katika Juni watoto wale wakateremshwa Freetown, Sierra Leone.

Ajayi alipelekwa kijiji cha Bathurst, kwa Bwana John Weeks na mkewe, watumishi wa Misheni ya C.M.S. Husimuliwa kwamba siku ya kwanza ya shule alikimbia mjini kumwomba mtu wa kwao nusu peni, ili anunue karatasi ya alfabeti iwe yake mwenyewe. Tumefikiri sana juu ya nusu peni ile. Mtoto ambaye yeye mwenyewe alikuwa bidhaa mwaka mzima, kitu cha kwanza alichotaka kumiliki ni herufi. Katika miezi sita alikuwa anasoma Agano Jipya.

Bibi Weeks ndiye aliyemfundisha kusoma, na Bwana Weeks akamfundisha useremala: kushika randa, kutumia patasi, kuunga mbao zikae. Hakuna aliyemwambia kwamba amekwisha kujua kusoma, kwa hiyo aweke chini msumeno. Hapa tukiri kosa letu sisi walimu. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulipewa vipindi vya kusuka ukili na kufinyanga udongo, na wengi wetu tulinung'unika, tukidhani hiyo ni kazi ya wasiojua kitabu. Tukaenda mashuleni na dharau ile ile. Shule moja tuliyoifundisha ilikuwa na karakana nzuri. Tulipoondoka ilikuwa ghala la madawati mabovu, na hatukusema neno.

Jambo la Bathurst lilikuja kufanyika na kwetu pwani. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dk. Steere walipofika Unguja, Sultani aliwapa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa Misheni ya U.M.C.A. Vijana wa namna hiyo walifundishwa kusoma, tena wakafundishwa kazi ya matbaa, kupanga herufi za risasi moja moja kwa vidole. Vitabu vya Kiswahili walivyosoma babu zetu vilipitia mikononi mwao.

Tumrudie Ajayi. Alibatizwa tarehe 11 Desemba 1825, akapewa jina la Samuel Crowther, jina la kasisi mmoja wa London. Mwaka 1826 alipelekwa Uingereza kwa muda mfupi, akasoma katika shule ya parokia huko Islington. Aliporudi, mwaka 1827, akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa chuo cha Fourah Bay. Akawa mwalimu wa shule, akamwoa Susan, ambaye jina lake la kwao lilikuwa Asano, naye ni mtoto aliyeokolewa utumwani kama yeye. Mwaka 1841 alikwenda na merikebu za Kiingereza kuupanda mto Niger. Homa iliua Wazungu zaidi ya 40 katika safari ile, na wenye akili wakaona kwamba kazi ya mto ule haina budi kushikwa na Waafrika. Mwaka 1843 akapewa ushemasi na ukasisi huko London.

Kazi yake kubwa, kwa maoni yetu, ni ile ya lugha. Mwaka 1843 alitoa kitabu cha maneno na sarufi ya Kiyoruba, kisha akaanza kuitafsiri Biblia. Wamisionari wengi wa wakati ule walijifunza lugha za watu ukubwani. Yeye aliitafsiri katika lugha aliyonyonya kwa mama yake. Hata hivyo hakuiamini kumbukumbu yake, kwa sababu alichukuliwa kwao akiwa mtoto na maneno ya kitoto. Alikaa na wazee akasikiliza mazungumzo yao, akakusanya methali, akauliza mila, neno moja akalipima huku na huku kabla ya kuliandika. Likiwa halikukaa, analifumua. Alitumia miaka zaidi ya thelathini katika kazi hiyo akisaidiwa na wenzake, na Biblia nzima ya Kiyoruba ilikamilika mwaka 1884.

Katika miaka ile ya mwanzo alipangiwa kufanya kazi Abeokuta, akafika huko mwaka 1846. Tarehe 21 Agosti mwaka ule mama mmoja mzee aliletwa mlangoni pake. Alikuwa Afala. Walikuwa hawajaonana kwa miaka 25. Walishikana, wakatazamana, wala maneno hayakuja. Machozi yakamtiririka mama yule mashavuni. Alikaa na mwanawe, akajifunza imani katika Kiyoruba, na mwezi wa Februari 1848 akabatizwa kwa jina la Hannah, katika ubatizo wa kwanza wa mji ule. Ndugu zetu, makasisi wangapi wamepata kumfundisha mama yao mzazi katika lugha ambayo yeye ndiye aliyewafundisha?

Tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, Crowther aliwekwa kuwa askofu. Watu walijaa. Miongoni mwao alikuwamo Leeke, nahodha wa Myrmidon, ambaye sasa alikuwa amiri wa jeshi la maji. Alikuwamo pia mama mmoja mjane: Bibi Weeks. Mumewe, yule fundi wa useremala, naye alikuwa amekuja kuwa Askofu wa Sierra Leone kabla ya kufariki. Bibi yule alikaa akamwona mtoto aliyemwonyesha herufi A kule Bathurst akipewa Biblia ya uaskofu. Sisi walimu huwa hatujui wale watoto tuliowashika vidole waandike wamefika wapi. Yeye alijua.

Misheni ya Niger ilikuwa kazi ya Waafrika, makasisi na walimu, wengi wao wakitoka Sierra Leone. Askofu alikuwa tayari ameandika kitabu cha kwanza cha kusomea cha Kiigbo mwaka 1857, na cha Kinupe baadaye. Kila kituo alichofungua alitaka kiwe na shule. Makosa yalikuwapo, hatuyafichi: mto ni mrefu, watumishi wachache, mishahara midogo, na wengine walianguka. Yeye alikuwa mpole, labda mpole kupita kiasi.

Lakini yaliyompata uzeeni yatuuma mpaka leo. Katika miaka ya 1880 walikuja vijana wa Kizungu, wengine umri wao haukufikia thelathini, wenye bidii kubwa na heshima ndogo. Waliwachunguza makasisi wake mmoja mmoja wakawaona hawafai. Katika Agosti 1890 huko Onitsha, katika kikao cha kamati ambayo yeye ndiye mwenyekiti, wafanyakazi wake waliondolewa kazini mbele ya macho yake. Mzee yule wa miaka themanini aliinuka akajiuzulu katika kamati. Afya yake ikavunjika. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na aliyepewa kiti chake alikuwa Mzungu. Ilipita miaka mingi kabla ya Mwafrika mwingine kupewa dayosisi katika nchi ile. Walisema jaribio limeshindwa, kana kwamba maisha ya mtu huyu yalikuwa jaribio.

Tarehe 29 Juni 2014, ilipotimia miaka 150 tangu kuwekwa kwake, ibada ilifanyika katika kanisa lile lile la Canterbury. Askofu Mkuu Justin Welby alisimama mbele ya wageni kutoka Nigeria, akakiri kwamba Kanisa lilimtendea vibaya Askofu Crowther, akaomba radhi.