Stefano Moshi: Mwalimu aliyewaunganisha Walutheri

MSAFIRI anayevuka mpaka Isebania na kuingia Sirari huikanyaga ardhi ya nchi ambayo Walutheri huhesabiwa kwa mamilioni. Upande wa Kenya kanisa hilo ni changa zaidi, kwani wamisionari kutoka Uswidi walianza kazi Kisii mwaka wa 1948. Upande wa Tanzania, historia hiyo haiwezi kusimuliwa bila kumtaja marehemu Askofu Stefano Reuben Moshi, ambaye kabla ya kuvaa joho la uaskofu alikuwa mwalimu wa shule.

Moshi alizaliwa mwaka wa 1906 Kotela, Mamba, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani walikuwa wamefika huko mwaka wa 1893, na kila walipojenga kanisa hawakukawia kujenga shule. Mwalimu wa kijiji alifundisha watoto kusoma na kuhesabu, kisha akawafundisha watu wazima waliojiandaa kwa ubatizo. Shule na usharika vilikuwa mikono miwili ya mtu mmoja.

Vita Vikuu vya Kwanza vilidhihirisha uzito wa walimu hao. Waingereza walipowafukuza wamisionari wa Kijerumani mwaka wa 1920, sharika za Uchagani zilibaki chini ya uangalizi wa wenyeji, na walimu ndio waliozuia zisisambaratike hadi Walutheri wa Marekani walipofika kusaidia. Vita vya Pili vilipozuka, Wajerumani walitiwa kizuizini na mzigo ukawarudia wenyeji kwa mara nyingine.

Katika malezi hayo ndimo alimokulia Moshi, aliyesomea ualimu Marangu na kufundisha kwa miaka mingi kabla ya kubarikiwa kuwa mchungaji. Alikuwa ameshuhudia kwamba kanisa linalotegemea wageni hutikisika kila wageni wanapoondoka, na kwamba wenyeji waliotawanyika huchoka upesi.

Mwaka wa 1955 Marangu ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Walutheri wa Afrika nzima. Miaka mitatu baadaye, Moshi alichaguliwa kuongoza Kanisa la Kilutheri la Tanganyika Kaskazini, akiwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo, na mwaka wa 1960 akawekwa wakfu kuwa askofu.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa mbele yake. Makanisa ya Kilutheri nchini yalikuwa 7, kila moja likiwa na mila zake na wafadhili wake, kwani yalianzishwa na misheni mbalimbali. Juni 1963 yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, ambalo baadaye lilijulikana kama KKKT. Moshi alikuwa mkuu wake wa kwanza.

Jaribio gumu kwa askofu aliyetoka darasani lilikuja baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilizitwaa shule zilizokuwa zikiendeshwa na makanisa kwa ruzuku, ili mtoto asibaguliwe kwa sababu ya dini. Kanisa lililokuwa limekua kupitia shule likapokonywa nyenzo yake kuu. Hata hivyo, vipindi vya dini vilibaki katika ratiba, na mafundisho ya kipaimara yakaendelea katika sharika. Ilibainika kwamba majengo yalikuwa yameondoka, lakini kazi ya mwalimu wa dini ilikuwa bado ipo.

Moshi alifariki dunia mwaka wa 1976. Sebastian Kolowa alimrithi kama mkuu wa KKKT, naye Erasto Kweka akashika Dayosisi ya Kaskazini. Makabidhiano hayo, kutoka kwa mwenyeji hadi kwa mwenyeji, yalikuwa kipimo cha ufanisi wake: aliyekulia katika sharika zilizoachwa yatima na vita aliacha kanisa lenye warithi.

Miongo mitatu baadaye, chuo kikuu kishiriki cha kanisa hilo mkoani Kilimanjaro kilipewa jina lake. Kwa mtu aliyeanza maisha ya kazi akishika chaki, ni ukumbusho unaomfaa.