Bwana Dakta Hanschell, Tabibu wa Vita vya Ziwa la Tanganyika

Wenyeji wa Kigoma na Ujiji wanaijua vema habari ya meli Graf von Götzen, ambayo Wadachi waliizamisha wenyewe Julai 1916, kisha ikaopolewa, ikaitwa Liemba. Lakini ni wachache wanaomjua tabibu aliyewatunza Waingereza waliokuja kuwaondoa Wadachi ziwani.

Jina lake Hother McCormick Hanschell. Kabla ya vita alikuwa tabibu huko London, mwenye elimu ya magonjwa ya nchi za joto. Katika mwaka 1915 Kamanda Geoffrey Spicer-Simson alipewa amri ya kupeleka mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, mpaka Ziwa la Tanganyika, kwa maana wakati ule Wadachi ndio waliokuwa na nguvu majini. Kamanda akamchukua Bwana Hanschell awe tabibu wa watu wake, wapata 28.

Wakaondoka Uingereza Juni 1915, wakafika Cape Town, wakapanda gari la moshi hata Fungurume katika Kongo. Kutoka hapo reli haikuwapo. Mashua zile, kila moja urefu wake kama futi 40, zikavutwa na mitambo ya mvuke, na ng'ombe, na mamia ya watu, zikipita milima ya Mitumba, mwendo wa karibu maili 150.

Hapo ndipo kazi ya tabibu ilipokuwa nzito. Maji yalikuwa haba, na mitambo nayo ilikuwa na kiu; wanawake wa nchi ile wakateka maji mbali, wakayaleta vichwani ili safari isikome. Mbu walileta homa, na mbung'o walileta malale. Katika vita vile vya Afrika Mashariki maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi. Basi silaha za tabibu zilikuwa kwinini, chandarua na maji safi. Na adui yake hakupumzika mchana wala usiku.

Mwisho wa Oktoba 1915 wakafika Lukuga, ng'ambo ya ziwa, mahali panapoitwa leo Kalemie. Tarehe 26 Desemba wakaiteka meli Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Mateka wakaletwa pwani, na maadui waliokufa katika Kingani wakazikwa kwa heshima ya kiaskari. Mwaka uo huo Kamanda mwenyewe akaugua, akarudishwa Uingereza. Mwisho wa Julai Wabelgiji wakaingia Kigoma.

Kikosi kile kilipewa nishani nyingi, na sifa ikaenda kwa mashua na mizinga. Bwana Hanschell akarudi kwenye kazi yake ya kuwatibu wagonjwa, na baadaye kumbukumbu zake zilimsaidia Peter Shankland kuandika kitabu juu ya safari ile, kilichotoka mwaka 1968.

Ndugu msomaji, mtu aliyelala na homa hawezi kulenga mzinga. Ushindi ulioonekana siku mbili ziwani ulitunzwa miezi mingi njiani, kwa kijiko cha dawa na chungu cha maji. Tunalijua jina la tabibu. Majina ya wanawake walioteka maji yale hatunayo, wala si haki tuwasahau.